Mwaka wa Geti la Mwabungo

Bi Mejumaa alifariki wiki iliyopita hospitalini Msambweni, na mimi ndiye niliyeipasua sanda yake. Nasema kuipasua, si kuikata, kwa sababu dukani kwake sanda haikuguswa na mkasi hata siku moja. Alikuwa akiishika bafta kwa mikono miwili, akaitia jino pembeni, kisha akaivuta, na ile sauti ya kitambaa kupasuka ikashuka ngazi mpaka chini kwenye ndoo na magodoro. Kila aliyekuwa dukani alinyamaza, hata wale waliokuwa wakigombania bei ya sufuria. Basi wiki iliyopita nami nikaishika bafta vivyo hivyo, nikaitia meno yangu haya machache yaliyobaki, nikavuta. Mkwe wake aliyekuwa amesimama na mkasi mkononi akanitazama kama atazamaye mwehu. Nikamwambia, "Uweke huo mkasi wako, mwanangu. Nimefundishwa na mwenyewe."

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo yana watu wake wanaoyapenda. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, na ninaueleza kwa hasira, nisikufiche. Pale matangani nimekaa mkekani nikiwasikia watu wakimsifu mpaka kikombe cha kahawa kikanipoa mkononi. Mama wa watu! Nguzo ya Kwale! Taa ya Ukunda! Mzee Chande, ambaye siku hizi hasikii vizuri na kwa hiyo husema kwa sauti ya mwadhini, alikuwa barazani akiwaeleza vijana kwamba yeye na marehemu walikuwa bega kwa bega tangu mwanzo. Tangu mwanzo! Lo, mtu akizeeka husahau mengi, lakini Chande amesahau kwa kuchagua. Taa hiyo mwaka ule waliipuliza wao wenyewe, mashavu yamewajaa, wakitaka izimike.

Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzijuzi, sina kazi wala mchumba, Bi Mejumaa aliponiweka orofa ya juu ya duka lake pale Ukunda. Watu waliliita Ghorofani, kwa kuwa maduka mengine yote ya upande ule yalikuwa ya mabati na chumba kimoja. Chini kulikuwa na sufuria, ndoo, magodoro, sabuni, taa za chemni na baiskeli zilizoning'inizwa darini. Juu kulikuwa na nguo: kanga, vitenge, sare za shule, mapazia, mashuka ya hoteli, na vyombo vya harusi ndani ya kabati la kioo. Na mwisho kabisa, karibu na dirisha, rafu moja ya magora ya bafta nyeupe, na chini yake kafuri, ubani, pamba na marashi ya waridi. Rafu ile haikuwa na bei iliyoandikwa. Aliyefiwa hakutajiwa bei wala hakupatana. Aliweka alichokuwa nacho, na asiye na kitu alichukua akaenda zake. Nikiwa mgeni niliwahi kumwuliza kama haogopi kudanganywa. Akacheka. "Tumu, nani atadanganya kwamba mamake amekufa ili apate kitambaa?"

Mchana tulikula pamoja sisi sote, mwenye duka na wafanyakazi, kwenye chumba cha nyuma, sinia moja ya wanawake na moja ya wanaume. Wali wa nazi, mchicha, samaki wa kupaka siku za neema, na siku nyingine maharagwe. Mutheu, msichana wa bara ambaye wazazi wake walikuwa na shamba kwenye skimu ya makazi, alikaa karibu nami. Mwanzo alikuwa akiogopa miiba ya samaki, nami nikimchambulia kama mtoto. Chumba hicho hicho ndicho kilichokuwa ofisi ya mambo yote ya mji. Bi Mejumaa alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara, alikuwa katika kamati ya hospitali, na mwaka ule akafanywa mwenyekiti wa kamati ya njia. Wazee walipokuja kwa mkutano tulitoa sinia, tukaleta kahawa, kisha tukasimama nyuma ya pazia tukisikiliza kila kitu. Ndivyo nilivyosoma siasa mimi, nimeshika birika.

Njia yenyewe ilikuwa njia ya miguu, si zaidi. Ilitoka Mwabungo, kijijini kwa kina Bi Mejumaa, ikapita katikati ya vichaka hadi pwani, kwenye makaburi ya zamani. Huko ndiko watu wa Mwabungo walikozikana tangu dahari, na baba yake Bi Mejumaa yuko huko. Kisha hoteli moja ikanunua kiwanja kilichokuwa katikati, na maneno ya ukuta yakaanza. Bi Mejumaa alikuwa na shida mara mbili. Hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua mashuka na sare zake kwetu, na bila hiyo orofa ya juu isingekuwa na kazi. Tena aliyekuwa msemaji wa hoteli kwa wenyeji alikuwa Mbwana, mdogo wake wa tumbo moja, mtu mpole aliyefunga tai hata jua likiwa la utosi. Nyuma ya pazia nilimsikia Bi Mejumaa akiwaambia wazee, "Mimi biashara ninayo nao na ndugu ninaye kwao. Kama hamniamini, chagueni mwingine sasa hivi." Hakuna aliyekohoa. Wakanywa kahawa yao, wakaondoka wameridhika.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilitokea kwenye maulidi. Kila mwaka mama yao, Bibi Riziki, alisomesha maulidi nyumbani kwake Mwabungo, na mwaka ule gari la hoteli likaja na ng'ombe. Ng'ombe mzima, amefungwa kamba, Mbwana amekaa mbele na dereva. Mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Mimi nilikuwa pale nikipepeta mchele. Bi Mejumaa akatoka nje, uso umemkauka. "Mrudishe," akamwambia ndugu yake. "Mrudishe kabla hajakanyaga chini." Bibi Riziki akasikia kutoka ndani, akaja akijikokota na mkongojo. "Mejumaa! Kimeletwa kwa ajili ya maulidi ya Mtume, unakifukuza mlangoni? Wewe nani?" Nani hapa kwetu angemjibu mama yake pale? Ng'ombe akashushwa. Na wallahi, pilau ya siku ile iliwatoa watu jasho. Walikula waliokaa, wakala waliosimama, Chande mwenyewe akaongezewa mara ya pili akaomba na ukoko.

Ukuta ulianza kupanda mara tu baada ya hapo, na ulipofika kwenye njia wakaweka geti la mbao na nguzo za saruji, mnyororo na askari. Makaburini ni kwa ruhusa, wakasema. Aje mtu aombe, atafunguliwa. Hapo ndipo watu walipomkumbuka ng'ombe. Mejumaa ameuza njia, wakasema. Ameiuza kwa ng'ombe, na sisi ametulisha kinywa kifungwe. Chande, kijana mvuvi wakati huo, mwenye sauti na mishipa ya shingo, akapanda juu ya gogo sokoni akatangaza kwamba Bi Mejumaa amesusiwa. Asinunuliwe, asisalimiwe, na akifiwa asizikiwe. Neno la mwisho hilo ndilo lililonitia baridi. Harusi yako watu wakiisusia utaona haya. Wakikususia mazishi, maiti wako atabebwa na nani?

Duka likanyamaza. Tulikunjua kanga tukazikunja upya ili mikono ifanye kitu. Vijana walikaa ng'ambo ya barabara wakitazama nani anaingia. Siku moja jiwe likapita kwenye kioo cha dirisha la juu, likaangukia kwenye magora ya bafta, na Mutheu akapiga yowe. "Bi Mejumaa, hao watu wamekasirika mbaya! Si uende uwaambie ukweli? Ng'ombe ni mama alikubali, si wewe!" Bi Mejumaa alikuwa akiokota vigae vya kioo. "Nikamshitaki mama yangu sokoni?" akasema. "Afadhali waniite mwizi." Nami nikamwuliza mbona basi asiache kuwauzia hoteli, watu waone. Akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "Na wewe utakula nini? Na huyu Mutheu? Niwafukuze nyinyi ili Chande afurahi?" Chakula cha mchana siku hiyo hakikulika. Bibi Riziki, aliyekuwa amekuja Ukunda kumtazama bintiye, alikaa kwenye kiti pale chumba cha nyuma akasema polepole, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Bi Mejumaa akacheka kicheko kichungu. "Mzaliwa nami, mama, ndiye aliyeshika funguo za geti."

Katikati ya susio hilo bibi yake Chande, mama wa babake, akafa. Sanda nyingine wangelazimika kuifuata Likoni. Tukamwona Chande anavuka barabara, anapanda ngazi bila hodi wala salamu, anasimama mbele ya ile rafu. Bi Mejumaa hakuuliza kitu. Akashusha gora, akatia jino, akavuta. Nguo tano za mwanamke, zote kwa mkono, polepole, na kijana yule amesimama anatazama sakafu. Akamfungia pamoja na kafuri na ubani. Chande akachukua, akageuka, akashuka. Sikusikia hata ahsante. Kesho yake alikuwa tena ng'ambo ya barabara. Nilitaka kumrushia ndoo.

Kisha ikawa zamu yetu. Bibi Riziki alikufa asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, ameshika tasbihi. Nilifika Mwabungo jua likiwa bado changa, na nilichokiona uani nitakwenda nacho kaburini. Ua ulikuwa mtupu. Nyumba ya msiba kwetu hujaa watu kabla machozi hayajakauka, wanaume barazani, wanawake wakivunja kuni na kukuna nazi. Pale walikuwapo wafanyakazi wa duka, imamu, wazee wachache wa ukoo, na jirani mmoja, Bi Saumu, mwanamke mpenda habari ambaye nilijua hakuja kulia, amekuja kuona. Hata kuni nilivunja mimi na Mutheu, naye Mutheu amejifunga kanga kichwani kwa heshima.

Maiti alikuwa nyuma ya pazia anaoshwa, nami nimeshika chetezo cha udi, Mbwana alipoingia. Macho yake yalikuwa mekundu na tai ilikuwa shingoni. Akachutama mbele ya dada yake. "Dada, nimezungumza nao. Geti litafunguliwa leo. Kwa heshima yako. Mtapita, mtamzika mama kando ya baba, mtarudi. Wanataka tu useme ndiyo."

"Niseme ndiyo kwa nani?"

"Kwangu. Mimi nitawaambia umeomba."

Bi Mejumaa alikuwa ameshika vipande vya bafta alivyovipasua mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Alivikunja upya kimoja kimoja, maji yakitiririka nyuma ya pazia. "Mbwana, mwenye njia haombi njia. Nikiomba leo, nimekiri si yetu. Kesho maskini wa Mwabungo akifiwa atamwomba nani? Na wakimkatalia?"

"Dada, huyu ni mama! Asubuhi inakwenda!"

"Najua ni nani." Sauti yake ilipasuka kama ile bafta. "Rudi ukawaambie sikuomba na siombi. Mama atatoka hapa baada ya adhuhuri, atapita njia aliyopita baba. Wakifunga, atawekwa pale getini, na nyinyi mtakaa naye pale."

"Utamwacha mama juani?"

Mbwana akainuka, akagonga mlango kwa bega akitoka kama asiyeuona. Hapo Bi Mejumaa, mwanamke niliyemwona akiwajibu wakubwa wa serikali bila kupepesa jicho, akanishika mkono kwa nguvu mpaka majivu ya chetezo yakanimwagikia. "Tumu, nimefanya nini? Nani atambeba? Mama yangu, nani atambeba?" Nilikuwa ninamwogopea na ninamwonea uchungu, na kwa kweli nilikuwa pia ninamkasirikia. Ilikuwa rahisi mno kusema ndiyo.

Nilipotoka kutafuta makaa mengine nikaona mahali pa Bi Saumu pako wazi. Alikuwa amekaa chini ya dirisha akisikiliza, na sasa baibui lake lilionekana mbali kwenye migomba, anakwenda mbio kama aliyeungua. Nikamlaani kwa moyo wote. Nikasema, basi, sasa watakuja kutucheka.

Walikuja kweli. Tulisikia miguu kwanza, mingi, halafu sauti mlangoni: "Hodi." Ilikuwa sauti ya Chande. Bi Mejumaa akajitanda kanga akatoka, nami nyuma yake. Chande amesimama na jembe begani, nyuma yake vijana wana makoleo, na nyuma yao wanaume wa kijiji. Kumbe Bi Saumu alikuwa amewafikishia kila neno, hata lile la siombi. Hakuomba radhi, ujue hilo, wala sijamsikia akiiomba hadi leo. Aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, bibi. Tupeni kimo." Kwetu kaburi halichimbwi mpaka wachimbaji wapewe ufito uliokatwa kwa kimo cha maiti, wapate kupimia mwanandani, lile shimo la ndani anamolazwa. Aombaye kimo amekuja kuzika. Hana haja ya maneno mengine. Bi Mejumaa akaingia ndani, akampima mama yake kwa mkono wake mwenyewe, akauvunja ufito, akauleta. Ufito ukagonga kizingiti. "Mtapita wapi?" akauliza. Chande akajibu, "Sisi tutazunguka na mawe ya pwani maji hayajajaa. Mama hatazunguka."

Wanawake nao wakaanza kuingia mmoja mmoja, hawatutazami usoni, wanakwenda moja kwa moja jikoni. Adhuhuri jeneza likatoka. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Anabaki ndani, na lililobaki ni masikio. Tulimsalia Mtume kimoyomoyo tukiwasikiliza wanaume wakitoka msikitini na tahalili yao, La ilaha illa Allah, sauti nzito za watu wengi, zikipungua kadiri walivyokwenda. Mutheu peke yake ndiye aliyewafuata kwa mbali. Si wa dini yetu, hakuna wa kumzuia. Bi Mejumaa alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akifuata kwa kidole juu ya mkeka kama mtu anayechora njia. Wamepita kisimani. Wamepita kwa kina Saumu. Sasa wako kwenye ukuta. Na tahalili ikakatika.

Sijui kimya kile kilidumu kiasi gani. Jikoni waliacha kukuna nazi. Kidole cha Bi Mejumaa kilisimama pale mkekani, hakikuinuka. Nilimwona midomo yake ikisema mama, mama, bila sauti. Nikawaza lile jeneza chini mchangani, na jua lile. Kisha ukaja kishindo kimoja, kizito, na kelele za watu, na baada yake kimya tena. Halafu kwa mbali sana, nyembamba kwanza, La ilaha illa Allah, nayo ikaendelea mbele kuelekea pwani. Bi Mejumaa akaanguka kifudifudi kwenye mkeka, akalia kwa sauti kama msichana mdogo, na hakuna mwanamke aliyemkataza.

Mutheu alirudi anahema, kanga imemtoka kichwani. "Aki si mngeona! Geti imefungwa na mnyororo, masoja wanasema ngojeni manija. Watu wakasimama tu na mama kwa mabega. Hakuna mtu anaongea. Alafu Mbwana akatoka huko ndani ya hoteli. Akavua tai, akaipatia soja. Akaweka bega kwa geti akaanza kusukuma, peke yake! Analia akisukuma. Ndio wengine wakaenda kumsaidia. Na soja mmoja akasema yeye hasimamishi maiti, akatoka njiani. Nguzo ikang'oka na simiti yake."

"Nani alianza kusukuma?" Bi Mejumaa akauliza, kana kwamba hakusikia.

"Ndugu yako. Mbwana."

Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mzaliwa nawe," akasema.

Hoteli haikununua tena hata foronya. Orofa ya juu tulifunga nusu, na Mbwana, aliyefukuzwa siku hiyo hiyo, akaja kuuza magodoro chini, uso umemnywea, mpaka akaizoea kazi na kupenda ubishi wa wateja. Kesi ya njia ilisikilizwa Kwale. Wazee waliulizwa swali moja zaidi ya mara moja: mliwahi kuomba ruhusa ya kupita? Wakajibu hatujawahi, na walisema kweli. Geti halikurudi. Na habari ya ng'ombe, nani alimpokea na kwa nini, Bi Mejumaa hakuisema popote hadi amekufa. Nimeisema mimi, na akinilaumu huko aliko, tutaonana.

Wiki iliyopita nilikwenda Mwabungo kwa tuktuk, magoti yakilalamika kila shimo. Mutheu alikuja pia, ni bibi sasa kama mimi, na hakuwafuata wanaume safari hii. Alikaa nami mkekani, katika chumba kile kile. Asubuhi Mbwana, mzee aliyepinda mgongo, alikuja mlangoni akasema tupeni kimo, na nikampa ufito. Adhuhuri jeneza likatoka. Nikafunga macho. Kisimani. Kwa kina Saumu, Mungu amrehemu na umbea wake. Mkono wa Mutheu ukatafuta wangu, tukashikana kwa nguvu, hatupumui, na tahalili ikafika pale, ikapita, ikaenda.

Mjukuu wa Bi Mejumaa, msichana aliyekuwa amekaa karibu yetu na macho yamemvimba kwa kulia, akatuona tulivyo. "Bibi Tumu, mnasikiliza nini?"

"Tulikuwa tukisikiliza kama watasimama."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, hajaelewa. "Wasimame wapi?"